Mtoto hashiki masomo kabisa? Anza na asesment kabla ya kutafuta shule (wazazi wa Malindi)

Wazazi wenzangu, mimi nilianza na swali lile lile mnaloanza nalo, shule ya speshel iko wapi na bodingi ni pesa ngapi, nikazunguka na tuktuk shule hadi shule na mwanangu anarudishwa. Usifanye hivo. Nenda EARC kwanza, vile vituo vya serikali vya kupima watoto, viko tangu 1984, hukijui chako kiko wapi uliza ofisi ya elimu ya sub-county (ukiwa Marafa ofisi yako ni ya Magarini, si Malindi).

Beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Watakuuliza mimba ilikuwaje, alipozaliwa alilia, alikaa lini, alitembea lini, ana kifafa? Sema yote. Tafadhali usifiche kwamba bado anajikojolea ukidhani watamkataa, maana ndio wanavyojua wamueke wapi, yuniti (darasa maalum) ndani ya shule ya kawaida ama shule maalum. Macho na masikio yapimwe hospitali pia, kuna watoto wanaitwa wazito kumbe hawasikii. Ile ripoti piga kopi nyingi.

Sasa shuleni. Mwenye ulemavu mkubwa wa akili hapandi darasa kwa umri, anapita ngazi: msingi, kati, kabla ya ufundi, halafu ufundi. Mwanzo ni kula mwenyewe, choo, kuvaa, kuonyesha anachotaka. Huniuma sana nikisikia mzazi amemtoa mtoto ati "wanamfundisha kupiga mswaki tu", jamani, wewe ukifa nani atampigisha mswaki?

Uliza mpango wake wa masomo, walimu wanauita IEP, uone term hii wanafundisha nini, na nyumbani mfanye vile vile. Wangu vifungo vya shati vilimshinda kabisa, mwalimu akawa anafunga vyote anamuachia cha mwisho tu, akikiweza anaachiwa viwili, hivo hivo mpaka akashika shati lote. Ilichukua term mbili na nililia siku hiyo.

Kabla hujamuacha shule yoyote nenda saa ya chakula bila kuwaambia, angalia nani analisha wasioweza, angalia na vyoo.

Msajili pia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi ya ulemavu, inataka asesment ya daktari wa hospitali ya serikali. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa za msaada wa serikali, ni kando, kadi haikuletei zenyewe, muulize chifu usajili ukifunguliwa.

Akienda bodingi na hasemi, muandikie mama wa bweni karatasi: akivuta sikio anataka choo, akipiga meza ana njaa, usiku halali bila leso yangu.