Usiiharakishe seti yako

Kwa wanaocheza karata za turufu wanne, wawili kwa wawili, zile za kutafuta pointi 61: mechi nyingi hupotea kwa seti (karata ya saba) iliyotupwa mapema. Ree (A) ina pointi 11, seti 10, na wazungu, yaani karata za picha: mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Kila aina ina 30, jumla 120. Kwa hiyo seti moja inazidi wazungu wote watatu wa aina yake wakijumlishwa, na kitu pekee kinachoipiku ndani ya aina hiyo ni ree. Kama ree ya kopa haijaonekana na wewe huna, usianze na seti ya kopa. Unamlisha mpinzani 21 kwa mpigo mmoja.

Subiri mwenzako aweke ree. Ukiwa wa mwisho kucheza na ree yake bado inakula, hapo ndipo pa kuiachia seti. Ukiwa wa pili, weka kadogo, maana hujui wa nyuma yako ana nini.

Halafu hesabu turufu, yaani karata za aina inayokata nyingine zote, zinazotoka. Huhitaji kukumbuka karata zote, turufu na ree nne zinatosha. Na mwenzako akishakula, usimkatie kwa turufu yako! Nimeona watu wazima wakinuniana jioni nzima kwa hilo, na kwa kweli nilimwelewa aliyenuna.

Kukonyezana? Huo ni wizi, hata kama babu zetu waliufanya kwa ustadi.