Mpira wa gofu kuwa mpini wa tupa, hivi ndivyo navyofanya mimi

Kama una tupa ndogo unaitumia bila mpini naomba iweke chini kwanza usome hii. Mwaka juzi nilikuwa nachonga ufunguo, tupa ikakwama ghafla na ule mkia wake wenye ncha ukaniingia kiganjani chini ya dole gumba, wiki mbili sikushika kazi. Tangu siku hiyo hakuna tupa kwenye benchi langu isiyo na mpini, na mingi ya mipini hiyo ni mipira ya gofu iliyokwisha tumika, ile iliyochubuka ambayo makedi (wale wabeba mifuko ya wachezaji gofu) wanaiokota vichakani wanakuuzia kwa hela ndogo tu.

Kwanini gofu na sio kipande cha mti? Mti mzuri sana, siupingi, ila kwa tupa ndogo na msharasi (ile sindano nene ya fundi viatu) unasukuma kwa kiganja, na ile duara inakaa kiganjani kama imepimwa, unalaza kidole cha shahada juu ya chuma unaenda. Vile vishimo vinasaidia mkono wenye jasho usiteleze. Halafu sheria za gofu zinataka mpira usipungue kipenyo cha milimita 42.67, kwahiyo yote inakuja karibu saizi moja, ukitengeneza kibanio mara moja umemaliza.

Hicho kibanio ndio kazi yenyewe, usikiruke. Usishike mpira kwa mkono wala kwa plaizi ukautoboa, utazunguka na biti utakuumiza. Chukua kipande cha mbao ya mbili kwa nne, toboa tundu la milimita 40 katikati kwa ule msumeno wa umbo la kikombe wa mafundi wa vitasa, halafu kata mbao hiyo katikati ya tundu upate nusu mbili, kila moja ina mkato wa nusu duara. Weka mpira kati ya hizo nusu, kaza kwenye jiliwa (vaisi kwa wengine), tundu ni dogo kuliko mpira kwahiyo kingo zinauuma vizuri, hautingishiki.

Sasa kabla ya kutoboa, kata kipande kidogo juu kwa msumeno wa chuma, duara bapa kama sarafu hivi. Bila hapo biti itatelezea kwenye vishimo, na pia mpini ukikamilika hautabingirika ukaanguka chini. Kuweka alama kwa kugonga na senta panchi haisaidii kitu maana ndani ni raba, inarudi, mimi napasha msumari nachoma kialama kidogo.

Toboa polepole jamani. Drili ikienda mbio ganda linayeyuka linang'ang'ania biti na harufu yake ni mbaya, kwahiyo ingiza kidogo, toa, safisha, ingiza tena, na madirisha yawe wazi. Kina cha milimita 30 kinatosha, usitokeze upande wa pili. Kitu kimoja utakishangaa, ukitoa biti tundu linajifunga kidogo linakuwa dogo kuliko biti yenyewe, usiogope, ndio hicho kinachobana mkia. Mkia wa tupa ni mwembamba nchani mnene kwenye bega, basi mimi natoboa kwa milimita 3 mpaka mwisho, halafu narudi na 5 kwa ile sentimita moja ya juu. Pima na tupa yako, usifuate namba zangu kichwa kichwa.

Na hapa nasema kwa uzito: miwani ya kazi ni lazima. Mipira ya siku hizi ndani ni raba ngumu, ila ile ya zamani ilisukwa nyuzi za mpira zilizovutwa kwa nguvu sana, na baadhi ilikuwa na kimiminika katikati chenye presha, kuna watoto waliumia macho kwa kuipasua. Ukitoboa ukaona nyuzi zinachomoka, acha hapo hapo, tupa huo mpira chukua mwingine, na watoto wasiwe karibu wakati wa kazi hii.

Kuunganisha: gundi haishiki raba vizuri peke yake, kwahiyo chonga vialama vitatu vinne kwenye kona za mkia ili gundi ipate pa kuuma. Mkia ukiwa wa mviringo kama wa msharasi, upige bapa pande mbili usije ukazungukia ndani. Tumia ile gundi ya tyubu mbili za kuchanganya, jaza tundu nusu, sukuma tupa taratibu kwa kuibana kati ya mbao mbili, hewa itoke, futa inayofurika, acha hadi kesho yake. Usichome mkia ukawa mwekundu eti uingie wenyewe, utapata moshi mbaya na tundu legevu, na joto likipanda mpaka kwenye meno tupa inalainika.

Usiweke mpini huu kwenye patasi ya kugongwa na nyundo, raba inairudisha nyundo na nguvu yote inapotea. Tupa kubwa za inchi 10 au 12 pia hapana, zile zinataka mpini mrefu wa kukumbatia kwa vidole vyote. Ila kwa tupa za kuchongea funguo, msharasi na vile vichuma vya kukwangulia, weka tu.