Jinsi ya kutafsiri "secretary" bila kumshusha mtu cheo

Ukikutana na neno secretary usikimbilie kuandika sekretari. Nimeshasoma tafsiri kibao ambapo waziri mzima anageuka mchapaji wa barua, na inaniuma kweli maana msomaji anaondoka na habari ya uongo.

Anzia kwenye mzizi. Neno limetoka Kilatini, secretum, yaani siri, na lilipoingia Kiingereza karne ya 14 secretary alikuwa mtunza siri, mtu anayeaminiwa na mfalme au bwana mkubwa, anamwandikia barua na anajua kila kilichomo, ndo maana jina hilohilo likaja kuzaa watu wa juu na wa chini, wengine wakabaki na barua wengine wakapewa wizara. Katibu yetu imetoka Kiarabu na mzizi wake ni kuandika, siri haimo, kwa hiyo usitegemee hayo mawili yalingane kila mahali.

Halafu angalia ni nchi gani. Marekani Secretary of State ni waziri wa mambo ya nje, wa kwanza kukalia kiti hicho alikuwa Thomas Jefferson mwaka 1790, na wa Treasury ni waziri wa fedha. Uingereza ndo wengi wanateleza: huko Secretary of State wapo kadhaa kwa wakati mmoja, wa afya, wa ulinzi, wa elimu, so soma cheo mpaka mwisho ndo uandike waziri wa nini. Ila Permanent Secretary siyo mwanasiasa, ni mtumishi wa serikali, huyo andika katibu mkuu wa wizara.

General Secretary wa chama ni katibu mkuu pia, lakini uzito wake unategemea chama chenyewe. Stalin wa Chama cha Kikomunisti cha Urusi alipewa cheo hicho mwaka 1922, kikaonekana cha kazi za ofisi tu, kumbe anayepanga nani akae wapi ndiye anayeshika chama.

Wa ofisini, anayepanga miadi na kupokea simu, hapo sasa sekretari au katibu muhtasi ni sawa kabisa.

Na kama habari ni ya wanyama, secretary bird ni karani tamba, yule ndege mwenye miguu mirefu na manyoya ya kisogoni yanayofanana na kalamu za zamani ambazo makarani walikuwa wanachomeka sikioni.