SOMO: Muvi ya watu walioambukizwa kwa bajeti ndogo, makosa yanayoiua

Wakuu habari. Kila wiki napata ujumbe ule ule, "kaka nina laki tano na simu kali nataka kupiga muvi ya virusi, watu wanang'atana, nianzie wapi". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, someni mpaka chini ndo muulize.

1. Kibali. Bodi ya Filamu kwanza, halafu serikali ya mtaa na mjumbe. Kundi limelowa damu linakimbia usiku bila taarifa mtapigwa mawe.

2. Uandikie ugonjwa wako sheria kabla hujaandika hata sini moja. Muvi nyingi zinafia hapa, sini ya kumi mtu anang'atwa anageuka hapo hapo, sini ya thelathini stelingi anang'atwa halafu anaagana na mama yake dakika nane nzima. Mtazamaji anajua umemdanganya. Aliyeambukizwa siyo maiti, ni mtu hai anaumwa, anapumua, anachoka, anasikia njaa. Kwenye muvi ya 28 Days Later ya 2002 damu ikikuingia una sekunde 10 mpaka 20, na wasipokula wanakufa na njaa, basi, hawabadilishi katikati.

3. Lokesheni: nyumba moja, uchochoro mmoja.

4. Damu. Hii niliharibu mwenyewe. Chemsha sukari na maji mpaka ivute, weka rangi nyekundu ya chakula, wanga kidogo na kijiko cha kakao, bila kakao kwenye taa za LED inakuwa pinki kama sharubati. Ili itoke kwenye nguo unaongeza sabuni ya maji ya vyombo. Sasa mimi nikapika sufuria moja tu. Kijana wetu akajaza mdomo ili aiteme kwenye kioo cha dirisha, ile anavuta pumzi akameza, povu jekundu likamtoka puani, akatapika mpaka akalegea nikamshika kichwa. Kazi ikaishia pale, hakurudi tena na ana haki, mpaka leo inaniuma.
ONYO: sufuria mbili, ya mdomoni HAINA sabuni, ibandike karatasi.
ONYO: muulize kila mtu kama anadhurika na rangi za chakula, na machoni usipake kabisa.
ONYO: shati la sini ya damu liwe na pacha wake wawili, maana ukirudia teki la kwanza limeshalowa. Usiku funika sufuria za damu, sisimizi watakumalizia.

5. Sauti. Maiki ya kubana kwenye nguo, zima feni, zima friji.

6. Waigizaji wa nyuma, wale wa kundi. Usiwaambie tu "ungurumeni", mpe kila mmoja kazi yake, huyu anaburuza mguu, yule anakwaruza mlango. Mmoja akicheka kule nyuma sini imekufa.

MASWALI

– Mkuu kamera gani nzuri?
Sijaandika kamera kwa sababu siyo tatizo lako. Hiyo ya 2002 sehemu kubwa walipiga na Canon XL1 ya kanda za MiniDV, simu yako ina pikseli nyingi kuliko ile.

– Damu ya mdomoni sabuni kiasi gani?
Rudia namba 4.

– Nasikia sirapu ya chokoleti tu inatosha, wazungu walitumia.
Walitumia, kwenye muvi ya Night of the Living Dead, 1968, lakini muvi ile ni nyeusi na nyeupe. Ya kwako ina rangi, itaonekana chokoleti.

– Kaka ahsante, sheria za ugonjwa nimeandika kurasa mbili. Sasa mtaa mtupu Dar nitautoa wapi?
Swali zuri sana dada yangu. Hata hao wa 28 Days Later, London walipiga alfajiri, magari yanazuiwa dakika chache chache. Chukua Jumapili kabla jua halijatoka, kamera itazame upande mmoja, weka watu wawili wa kuwaomba wapita njia wasubiri. Halafu toa honi zote uache kunguru peke yao. Mtu wa Dar akisikia kunguru bila bodaboda hata moja anajua kuna jambo baya limetokea.

– Na lenzi za macho mekundu zile za mtaani?
Usiguse, zinaumiza jicho. Paka wekundu wa vipodozi, siyo ile damu, chini ya kope, taa itoke pembeni, mwambie asipepese.

– Hao kunguru unarekodi na nini?
Simu tu, dirishani, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Ninazo kama dakika arobaini, anayetaka aseme nimtumie.