Kutoka jiwe hadi jina: jinsi ya kuelezea spishi mpya ya spora za kisukuku

Spora ni chembe ndogo za uzazi za mimea. Mfano wangu ni miamba ya kipindi cha Devoni (takriban miaka milioni 419 hadi 359 iliyopita) kaskazini mwa Scotland.

1. Chagua jiwe. Jekundu liache, hata likivutia vipi: hali ya oksijeni iliyolipa rangi hiyo kwa kawaida huwa imekwisha kuziharibu spora. Chukua la kijivu au jeusi, lenye chembe laini, na uandike tabaka lilikotoka.

2. Toa spora. Ponda jiwe. Asidi ya haidrokloriki huondoa chokaa, kisha haidrofloriki huyeyusha silika; ukuta wa spora hubaki. Hiyo ya pili haina mzaha. Hupenya ngozi, wakati mwingine bila maumivu ya papo hapo, na kushambulia kalsiamu mwilini. Kama huna kabati la kuvuta mvuke, glavu zinazofaa na jeli ya kalsiamu glukonati, peleka sampuli kwa wenye maabara. Mabaki yachuje kwa chujio la mikromita 10 au 15 (mikromita ni elfu moja ya milimita), kisha tandaza kwenye slaidi.

3. Linganisha. Kazi yenyewe iko hapa. Spora moja ya ajabu si ushahidi; huenda imejikunja tu, au haikupevuka. Pima nyingi, uandike kipimo cha chini, wastani na cha juu. Tazama alama ya Y (kovu la mahali spora ilipogusana na nyingine zilipoundwa pamoja), urefu wa mikono yake, unene wa ukuta, mapambo ya ukuta huo. Jenasi *Emphanisporites* huwa na mistari inayotawanyika kutoka katikati, upande wenye Y. Jenasi *Ancyrospora* ina miiba yenye ncha zilizogawanyika kama nanga. Ukipata vielelezo vya kati vinavyounganisha spora zako na spishi ya zamani, huna spishi mpya. Kwa maoni yangu, majina mengi mno yametolewa kwa tofauti ya mikromita chache.

4. Teua holotaipu. Ni kielelezo kimoja tu, ambacho jina la spishi hufungwa nacho. Kipige picha, taja makumbusho kinakohifadhiwa, namba ya slaidi na alama za England Finder (slaidi yenye gridi ya kuonyesha mahali), ili mwenye hadubini nyingine akifikie kilekile.

5. Andika na uchapishe. Tangu 1996, jina jipya la mmea wa kisukuku linahitaji maelezo kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili kinaweza kuongezwa, hakitoshi peke yake. Jina la spishi lifuate jinsia ya jenasi: *Emphanisporites annulatus*, lakini kwa *Ancyrospora* ingekuwa *annulata*. Kisha taja spishi zinazokaribiana na yako, moja moja, na kinachoitenga yako na kila mojawapo. Wahakiki huanzia hapo.