Kabla hujaja kula Dodoma kwa siku mbili

Mgeni anayeingia Dodoma Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana ana milo mitano au sita tu. Asipoipanga, minne kati ya hiyo itaishia kwenye chipsi kuku, maana chipsi zipo kila kona na hazimsubirishi mwenye njaa. Chakula cha hapa hasa, kile kinachostahili kufungiwa safari, kina siku yake, saa yake na msimu wake. Ndiyo maana nawaambia ndugu na marafiki wanaotaka kuja: tazameni kalenda kwanza, majina ya migahawa baadaye.

Siku ya kuhakikisha hukosi ni Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato, kaskazini mwa jiji kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha. Wafugaji huleta mifugo yao pale, wachuuzi huleta nguo, vyombo na nafaka, na pembeni moshi wa nyama unapanda tangu asubuhi. Ukipanga safari yako iwe Jumapili hadi Jumanne utapata nyama choma nzuri tu mjini, lakini mnada utakuwa umekupita. Fika saa tano au saa sita mchana. Nyama huchaguliwa ikiwa mbichi: unaonyesha kipande, mnakubaliana bei, ndipo kinakwenda motoni. Maliza maneno yote hapo, uulize kama bei hiyo ni pamoja na kuchomewa, ndizi na kachumbari, kwa sababu nyama ikishaungua huna tena cha kujadili. Halafu usimharakishe mchomaji. Mbavu za mbuzi zinazoiva taratibu kwa chumvi peke yake zinakupa muda wa kuzunguka mnada mzima, na anayelalamika njaa kila dakika huletewa nyama nyeusi nje na mbichi ndani. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi kunywa chai na chapati moja, basi. Supu iache kwa siku nyingine. Vaa viatu vilivyofunika vidole, chukua kofia, na mwenye bajaji aliyekupeleka mpange kabisa saa ya kukurudisha, kwa kuwa jioni kila mtu anataka kuondoka kwa wakati mmoja.

Mlo wa pili wa kuupangia ni wa Kigogo, yaani wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, na huu ndio wageni wengi wanaondoka bila kuuonja. Naumia nikisikia mtu amekaa hapa siku tatu na hajui mlenda wa Dodoma. Ardhi ya hapa ni kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na wastani wake kwa mwaka hauzidi milimita 600. Mahindi huteseka, lakini uwele na mtama huvumilia. Mboga nazo huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, zikaanikwa na kutwangwa ili zifike kiangazi. Mlenda wa unga huo, ukitiwa magadi kidogo na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa, unateleza na kubeba ladha nzito ya majani makavu ambayo mboga mbichi haina. Ugali wake ni wa uwele, wenye rangi ya kijivu, na hauna ule utamu mwepesi wa sembe. Wengine huukunjia uso tonge la kwanza. Endelea hadi la tatu ndipo utoe hukumu.

Shida ni kwamba mlo huu haukai tayari kwenye sufuria za mjini. Mama lishe anawapikia watu wa ofisini, nao wanataka wali maharage na ugali wa sembe kwa nyama. Inabidi uagize. Ijumaa hiyohiyo unapofika, pita mitaa ya Majengo au Sabasaba, mtafute mama anayepika, muamkie, na kama ni Mgogo msalimie kwa lugha yake: mbukwa. Kisha uliza bila kuzunguka: "Mama, unaweza kunipikia ugali wa uwele na mlenda wa karanga keshokutwa mchana?" Uliza pia kama Jumapili anafungua, maana wengi wanaotegemea wafanyakazi hupumzika siku hiyo. Mwachie hela kidogo ya unga na karanga, asije akapika halafu wewe usitokee. Kama una mwenyeji wa Kigogo, muombe akupikie nyumbani kwake, hutapata bora zaidi ya hapo. Mlenda huliwa kwa mkono, kwa hiyo ukibeba kijiko ni cha uji.

Saa za mchana zinahitaji uangalifu kuliko za usiku. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, wateja wa mchana wameongezeka sana, hasa kuelekea Mji wa Serikali Mtumba. Kuanzia saa sita na nusu foleni inaanza, na saa nane na nusu nyama imekwisha, umebaki mchuzi. Supu ni ya alfajiri hadi saa tatu. Mishkaki na kuku wa kienyeji ni vya jioni, na hivyo havihitaji mipango, utavikuta tu.

Kitanda nacho ni sehemu ya mpango wa chakula, ingawa haionekani hivyo. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na mikutano mingine mifupi ipo katikati ya mwaka wa Bunge. Katika wiki hizo nyumba za wageni hujaa na bei hupanda, nawe unaweza kujikuta umelala mbali, ukimaliza hela ya nyama kwenye bodaboda. Angalia ratiba ya Bunge kabla ya kukata tiketi. Tiketi yenyewe siku hizi haina shida kwa anayetoka Dar es Salaam: treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na safari ya kilomita 450 hivi iliyokuwa ikila siku nzima kwenye basi sasa ni ya saa chache. Ukija kwa basi, zuia mkono kwenye kituo cha kula njiani, usije ukafika umeshiba.

Kisha zabibu. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama nchi za kaskazini, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na akiwa na maji ya kumwagilia anavuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Safari yako ikiangukia miezi hiyo, tenga nusu siku ya kwenda mashambani upande wa Hombolo au Mpunguzi, ukale tunda likiwa limetoka kukatwa. Nje ya msimu utapata mvinyo wa hapa na zabibu kavu. Ukiulizwa unataka mvinyo wa aina gani, jua kwamba zabibu nyekundu inayolimwa sana Dodoma inaitwa Makutupora Red. Kwa wanaokuja wakati wa Ramadhani, mchana utakuwa mtulivu zaidi, lakini jioni kuna futari na uji wa kuvutia.

Tumbo liandae mapema. Maji ya bomba sehemu nyingi za jiji yana chumvi, na tumbo geni hulikumbuka hilo, hivyo kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Juisi ya ubuyu na ya ukwaju ni tamu ajabu, ila uliza imetengenezwa kwa maji gani, hasa wakati wa mvua ambapo magonjwa ya kuhara huongezeka. Maziwa ya mnadani usiyanywe mabichi, hata mwenye ng'ombe akikuhakikishia kwamba yeye amekua nayo. Ugonjwa wa brusela hupita humo, na homa yake huchukua muda mrefu. Beba pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji mwilini na dawa ya tumbo uliyoizoea. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, ilhali usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutaka sweta, hasa ukikaa nje kwenye nyama.

Fedha: kwa mabanda mengi lipa namba inafanya kazi, lakini mnadani mtandao husumbua watu wakijaa. Njoo na noti ndogo.

Vya kubeba nyumbani ndivyo vinavyohitaji jicho. Karanga ni nzuri, ila zitazame moja moja kwenye kiganja kabla ya kununua kilo. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zinazonuka uvundo ziache hata ukipunguziwa bei, kwa sababu ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu, na kuukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo ilitokea kwenye mahindi huku Dodoma na Manyara, na watu wakafa. Ubuyu na zabibu kavu havina masharti. Chupa ya mvinyo iviringishe kwenye nguo katikati ya begi. Zabibu mbichi zinunue asubuhi ya kuondoka, bila kuziosha, uzipange kwenye kikapu au boksi lenye matundu, tabaka mbili zisizidi. Kikapu hicho njoo nacho kutoka nyumbani, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na muuza zabibu wa barabarani hana cha kukufungia.