Kabla Hujamkatia Mama Tiketi ya Houston

Dada yangu yuko Houston, mimba imeshakuwa kubwa, na mama anakwenda kumhudumia mzazi. Viza ameshapata. Kazi ya kukata tiketi imeniangukia mimi, maana kwetu anayeweza kulipa kwa kadi mtandaoni ndiye anayeitwa mtaalamu wa safari. Kila ndugu ana lake. Mjomba anataka shirika lenye chakula kizuri, shangazi anataka la bei nafuu, mdogo wangu anauliza kama kuna filamu. Mimi nina swali moja, na nililipata kwa kuumia: mama akiikosa ndege ya pili, inayofuata ni lini, na nani atailipia?

Mwaka juzi nilijiona mjanja. Nilikuwa nakwenda Ulaya kwa shughuli zangu, nikagundua kwamba nikinunua tiketi mbili mbalimbali, moja hadi mji wa katikati na nyingine kutoka hapo, naokoa karibu dola 200. Ndege ya kwanza ikachelewa saa mbili na nusu. Nilipofika kaunta ya shirika la pili, geti lilishafungwa, na kijana wa pale akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwenye kompyuta yao mimi ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi imeungua, na ya kurudi nayo imefutwa kwa kuwa ile ya kwenda haikutumika. Shirika la kwanza nalo likasema limenifikisha pale lilipoahidi kunifikisha. Ukweli ni kwamba wote walikuwa sahihi. Nililala kwenye viti vya chuma, asubuhi nikanunua tiketi kwa bei ya siku hiyohiyo. Zile dola 200 nilizozipigia hesabu hazikutosha hata robo yake.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja na namba moja ya bukingi. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, kumtafutia abiria nafasi nyingine ni kazi ya shirika, na begi kwa kawaida husafiri mpaka mwisho. Tovuti za kulinganisha bei hupenda kuunganisha mashirika yasiyojuana, kisha zinaandika kwa herufi ndogo kwamba utajihamisha mwenyewe. Ukiona maneno hayo, pita. Kuna pia miungano ya mashirika ambayo husaidiana abiria akikwama: Kenya Airways na KLM wako SkyTeam, Ethiopian na Turkish wako Star Alliance, Qatar Airways iko oneworld. Emirates haimo kwenye muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ila ina mikataba yake na mashirika mengi. Kwa aliyeshika tiketi mbili zilizoachana, muungano wenyewe haumsaidii sana.

Kutoka Dar hakuna ndege inayokwenda Marekani bila kutua njiani. Kenya Airways inaruka Nairobi hadi New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, kiasi cha masaa 15 hewani, lakini New York si Houston. Na hapa kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Marekani, abiria hukaguliwa katika uwanja wa kwanza anaotua. Akitua New York, mama atapita uhamiaji, atachukua mabegi yake mwenyewe, atayapitisha forodhani, atayarudisha kwenye mkanda, halafu atafute geti la ndege ya ndani. Kijana anaweza. Mama wa miaka 67 mwenye goti bovu, anayejua Kiingereza cha salamu, nisingependa ayafanye hayo peke yake. Nikabaki na mashirika yanayotoka Dar na kutua Houston kwenyewe baada ya kituo kimoja tu: Qatar kupitia Doha, Emirates kupitia Dubai, Turkish kupitia Istanbul, na KLM kupitia Amsterdam.

Watu huanza na jina la shirika. Mimi naanza na kituo, kwa sababu hapo ndipo utakapokaa ukiwa umechoka, na hapo ndipo utakapokwama ikitokea la kutokea. Tazama masaa yanavyogawanyika. Kupitia Doha ni kama masaa 6, kisha 16 mfululizo. Dubai ni karibu hivyohivyo. Istanbul ni kama masaa saba na nusu, kisha 13. Amsterdam inaikata safari karibu katikati. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya masaa manne au zaidi ya kukaa bila kutembea. Kwa mtu mwenye presha au miguu inayovimba, masaa 16 kwenye kiti kimoja ni la kuzungumza na daktari kwanza.

Viwanja navyo vinatofautiana. Istanbul ni kikubwa mno. Kutoka geti moja hadi jingine unaweza kutembea mpaka ukajuta. Doha kina treni ndogo ndani kwa ndani. Kwa wanaopita Addis Ababa kwenda kwingine, kumbuka mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani aliyetoka Dar na fulana moja akitua pale saa tisa usiku atatetemeka kama amemwagiwa maji ya barafu. Mwinuko huohuo ndio sababu ndege nyingi za Ethiopian za kwenda Amerika Kaskazini zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, Dublin au Lomé, ilhali kurudi mara nyingi huja moja kwa moja: hewa nyepesi haiiruhusu ndege kupaa na mzigo kamili. Usishangae ratiba ya kwenda ikizidi ya kurudi kwa masaa kadhaa.

Hakuna kituo kisichokuwa na siku yake mbaya. Aprili 2024 mvua ilifurika Dubai mpaka ndege zikawa zinapita kwenye maji kama boti. Septemba mwaka huohuo wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi waligoma, watu wakalala nje. Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa masaa kadhaa na safari za dunia nzima zikavurugika. Kwa hiyo hesabu ndege. Shirika lina safari ngapi kwa siku kutoka kituoni hadi unakokwenda? Kama ni moja kwa siku, ukiikosa unalala. Kama ni tatu kwa wiki, unaweza kukaa siku mbili. Muda wa kuunganisha nao usiwe wa kubana. Mfumo unaweza kukuuzia dakika 70 kwa sababu kwa kanuni za uwanja na mashirika zinatosha, lakini mama na kiti chake cha magurudumu nampa masaa matatu hadi manne. Kuna mashirika yanayotoa hoteli ukikaa muda mrefu. Ethiopian, kwa mfano, hutoa kwa anayesubiri zaidi ya masaa 8 pale ambapo hakuna ndege ya mapema zaidi. Uliza kabla ya kulipa, na uombe jibu kwa maandishi.

Viza ya kupita ndiyo inayowaangusha wengi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanja wa Heathrow, London, hata kama hatoki nje ya uwanja, isipokuwa awe na kitu cha kumwondolea sharti hilo, kama viza halali ya Marekani au Kanada. Kwa Amsterdam, Paris au Frankfurt, Mtanzania na Mkenya kwa kawaida hupita bila viza akibaki ndani, lakini Mkongo wa Kinshasa yuko kwenye orodha ya wanaotakiwa viza ya uwanja. Anayekwenda Meksiko au nchi za Karibi kupitia Marekani ajue kwamba kule huwezi kupita bila viza kabisa, hata kwa saa moja. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti ya serikali husika wiki ile unayokata tiketi.

Haki zako nazo zinategemea umepanda nani na unatokea wapi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Ulaya, shirika liwe la nani. Anayekwenda Ulaya kutoka nje inamlinda akipanda shirika la Ulaya tu. Ndiyo kusema ukitoka Dar kwenda Amsterdam na KLM, ukachelewa masaa manne kwa kosa la shirika, unaweza kudai euro 600. Ukienda kulekule na shirika la Ghuba, kama Qatar au Emirates, sheria hiyo haikuhusu wakati wa kwenda, inakuhusu wakati wa kurudi. Watu wengi wetu hawadai, wanapokea vocha ya sandwichi na kushukuru. Kwa safari za Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika, siku saba au zaidi kabla ya safari, una masaa 24 ya kughairi bila makato, au shirika likushikilie bei kwa muda huo kabla hujalipa.

Usalama nitausema kwa ufupi. Angalia kama shirika liko kwenye rejista ya ukaguzi wa usalama inayoitwa IOSA, ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na tazama orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga yake. Air Tanzania iliingizwa humo Desemba 2024, na Juni 2025 katazo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, sababu ikitajwa kuwa mapungufu ya usimamizi. Orodha hiyo hupitiwa mara kwa mara. Soma pia bima yako ya safari inasema nini juu yake.

Kuhusu kiti, jua aina ya ndege. Boeing 777 ya mashirika mengi ina viti kumi kwa mstari, vitatu, vinne, vitatu, na viwiko vinagombana. Airbus A330 ina viwili, vinne, viwili: mtu na mwenzake wanakaa bila mgeni. Boeing 787 na Airbus A350 shinikizo la hewa ndani ni kama la mita 1,800, wakati ndege za zamani hufika 2,400, na wenye masikio mepesi wanaiona tofauti. Kiti cha magurudumu omba angalau masaa 48 kabla, chakula cha kisukari angalau 24. Vyote viandikwe kwenye bukingi. Wakala akikwambia "nimeshawaambia", mwombe akutumie ukurasa unaoonyesha.

Mzigo usiudharau. Kilo 46 kwenye begi moja si sawa na mabegi mawili ya kilo 23, na begi moja la kilo 40 kaunta italikataa. Likipotea, mkataba wa kimataifa wa Montreal unaliwajibisha shirika hadi SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), zipatazo dola 2,000, lakini jaza fomu kabla hujatoka uwanjani. Lililoharibika unalalamikia kwa maandishi ndani ya siku saba. Mama anataka kupeleka maembe ya Tanga. Nimemwambia hayatapita forodhani, ameninunia.

Halafu saa. Tiketi ikiandika 00:45 tarehe 15, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Nyumbani mnatoka tarehe 14 jioni. Namjua mtu aliyefika uwanjani tarehe 15 usiku, amevaa suti, na ndege yake imeshatua Ulaya tangu asubuhi. Na 02:30 ni saa nane na nusu usiku. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi: kama pasipoti ina majina matatu, tiketi nayo iwe na matatu, na "binti" ibaki au iondoke kama pasipoti inavyosema.

Siku yenyewe nitasimama naye kaunta mpaka begi lifungwe ile karatasi ndefu ya kunata. Nitaishika na kusoma herufi tatu kubwa. Inatakiwa iandikwe IAH, ndiyo Houston. Akipitia Doha na karatasi ikaandikwa DOH, begi litashuka hukohuko na mama ataendelea bila nguo, kwa hiyo hatutasogea hapo mpaka karatasi ibadilishwe.